Shule Mbili za Bi Kidude: Mlango wa Siti na Ngoma ya Msondo

HAJI: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi Haji, na nipo na dada yangu Mwanaidi kama kawaida. Leo tunamzungumza Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mwimbaji wetu wa Unguja. Habari za maisha yake mmezisikia sana. Sisi tunataka kujua jambo moja: yeye alisikiliza nini? Masikio yake yalijaa muziki gani kabla dunia haijamsikia?

MWANAIDI: Waaleikum salaam. Mie jibu langu ninalo tayari, Haji. Kila anayemtaja Bi Kidude anasema "malkia wa taarab". Sikatai, taarab kaiimba na kaiimba vizuri. Lakini yule bibi kwanza alikuwa mtu wa ngoma. Unyago ndio uliomfinyanga, taarab ikaja juu yake.

HAJI: Ah, hapo tutavutana. Mie naanza na Siti.

MWANAIDI: Anza na Siti. Ndiyo adabu.

HAJI: Basi. Siti binti Saad kazaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, miaka ya 1880 hivi, kwenye jamaa za wafinyanzi. Alikuwa akichukua vyungu kwenda kuviuza huku akiimba njiani, na sauti yake inatangulia, watu wanajua muuza vyungu anakuja. Mwaka 1911 akahamia mjini. Sasa jiulize, taarab wakati ule ilikuwa ya nani? Ya kasri. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na muziki ukawa wa baraza la Sultani, unaimbwa Kiarabu. Ikhwani Safaa kikaanzishwa 1905, chama cha wanaume. Halafu anatokea mwanamke wa shamba, hana ukoo mkubwa wa kumtanguliza, anaimba taarab kwa Kiswahili, na mji mzima unamfuata.

MWANAIDI: Na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri.

HAJI: Enhe! Watu wa Ng'ambo, ile mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, wakasikia maneno yao wenyewe yanatoka kwenye gramafoni. Na Fatuma binti Baraka, mtoto wa muuza nazi kutoka kijiji cha Mfagimaringo, alikulia humo humo. Mwenyewe kasimulia mara nyingi: alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Hakukaa darasani, hakusoma nota. Alisikiliza tu, mpaka nyimbo zikamwingia.

MWANAIDI: Hapo sina ubishi. Na kitu kimoja alichokichukua kwa Siti kwa hakika ni wimbo unaobeba habari. Chukua "Kijiti". Mwanamke mgeni katoka Dar es Salaam, ana mimba, anakwenda kwenye starehe na watu aliowaamini, anauawa. Muuaji anavuka maji kukimbilia bara. Siti akaimba yote hayo, jina la mtu likatajwa mbele za watu. Leo karibu miaka mia baadaye bado tunamjua Kijiti na alichokifanya. Yule marehemu hakupata haki, lakini hakusahauliwa.

HAJI: Na Bi Kidude aliuimba mpaka uzeeni.

MWANAIDI: Aliuimba kama mtu aliyekuwepo. Hilo ndilo ninalompendea. Waimbaji wengi wakiimba "Kijiti" wanaupamba. Yeye anakushitakia.

HAJI: Sasa umeanza kuja upande wangu.

MWANAIDI: Subiri, bado. Nikuulize: inasimuliwa Siti alikuwa akiimba kajifunika, sivyo? Na Bi Kidude je?

HAJI: Uso wazi. Jukwaani kasimama, sigara yake iko karibu, hana habari na mtu.

MWANAIDI: Ule uwazi hakuupata kwa Siti. Kaupata kwenye ngoma za wanawake, mahali ambapo mwanamke hajifichi kwa sababu aliopo nao ni wanawake watupu. Haji, wewe mwanamume, huwezi kuingia kule, kwa hiyo nitakueleza yanayoelezeka na mengine nitayaacha pale pale yalipo.

HAJI: Nakusikiliza, dada.

MWANAIDI: Unyago umevuka bahari kuja Unguja. Umekuja na watu wa bara, Wayao, Wazaramo, Wamakonde, watu wa pande za Nyasa, wengi wao wakiletwa utumwani. Walinyang'anywa kila kitu, lakini ngoma hainyang'anyiki, iko kichwani na mikononi. Mwari akishabaleghe anakabidhiwa kwa somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda, na somo anamfunza mwili wake, usafi, unyumba, namna ya kuishi na mume na namna ya kujilinda. Mafunzo hayo hayasomwi, yanaimbwa na yanachezwa. Kila wimbo una fumbo lake na kila fumbo lina mtu wa kulifumbua. Bi Kidude alikuwa somo. Hakuwa msanii aliyechukua ngoma za asili ili azipambie onyesho, ilikuwa kazi yake. Wasichana wangapi wa Unguja wamepita mikononi mwake! Akiwapiga hina, akiwatengenezea wanja, akiwafunda.

HAJI: Na ile ngoma kubwa anayoipanda?

MWANAIDI: Msondo. Ngoma ndefu, anaifunga kiunoni kwa kanga, anaikalia kwa miguu miwili, anaipiga kwa viganja. Nenda katazame picha zake akiwa mzee kabisa, mwili umekonda, lakini akishaifunga ile ngoma mgongo unanyooka. Sasa fikiri kuhusu sauti. Kwenye unyago hakuna maikrofoni. Kuna msondo unanguruma, kuna ngoma nyingine zinajibu, kuna chumba kizima au ua mzima wa wanawake wanaitikia, wanapiga vigelegele. Wewe kiongozi lazima sauti yako ipite juu ya yote hayo, na usiku kucha. Utaimba kwa sauti laini ya kubembeleza? Hutasikika! Ile sauti yake ya kukwaruza ambayo watu wanasema ni sigara, mie nasema ni ngoma. Sigara zilikuja kuongezea tu.

HAJI: Hilo sikuwahi kulifikiria hivyo. Lakini Siti naye hakuwa na maikrofoni.

MWANAIDI: Hakuwa nayo, lakini alikuwa na udi na fidla na watu waliokaa kimya kumsikiliza. Kwenye taarab mwimbaji anakaa, ala zinatangulia muda mrefu, kanuni inapita, fidla zinapita, yeye anangoja zamu yake. Bi Kidude hakuwa mtu wa kungoja. Sikiliza rekodi zake na wapigaji wa taarab. Anaingia pale anapotaka, neno moja analivuta, jingine analitupa, na zile fidla zinamkimbilia nyuma. Huyo ni kiongozi wa ngoma. Kazoea kwamba yeye ndiye anayeita na wengine ndio wanaoitika.

HAJI: Mie nilipokuwa mdogo nilidhani anakosea. Nimezoea taarab ya vikundi vya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, kila kitu mahali pake. Nikimsikia yeye najiuliza, mbona huyu bibi anakata mistari ovyo? Sasa hivi nikisikia mtu mwingine anaimba "Muhogo wa Jang'ombe" kwa unyoofu naona umepoa.

MWANAIDI: Na huo wimbo wenyewe, ambao tunauhesabu wa taarab, una ile methali ya kutowatukana wakunga na uzazi ungalipo. Hayo ni maneno ya wapi kama si ya chumba cha wanawake? Siti kayaleta kwenye taarab, na Bi Kidude kayaelewa haraka kwa sababu anatoka kule yanakosemwa.

HAJI: Basi tukubaliane kwamba milango ile miwili, wa Siti na wa ngoma, inatazamana.

MWANAIDI: Tukubaliane kwa leo.

HAJI: Kuna jingine lazima tuliseme, nalo ni safari. Bi Kidude alikimbia ndoa ya kulazimishwa akiwa msichana mdogo, akavuka kwenda bara. Kazunguka sana huko, akiimba, na inasimuliwa sehemu nyingi alikwenda kwa miguu, peku. Dar es Salaam akaimba na kundi la taarab la Egyptian. Miaka ya 1940 ndipo akarudi Unguja akatulia. Kwa hiyo ule unyago wa asili ya bara, ambao huku tulikuwa nao kwa kurithi, yeye kaufuata mpaka kwao.

MWANAIDI: Safari ile ni shule ya tatu, wallahi. Na inaonyesha alivyokuwa. Msichana wa zama za rupia, anaambiwa aolewe na asiyemtaka, anaondoka. Anakwenda wapi? Anakwenda kwenye muziki. Hakuwa na pengine.

HAJI: Na Misri je? Maana huwezi kuizungumza Zanzibar ya miaka ile ukaiacha Misri. Umm Kulthum alikuwa akiimba Cairo Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio inarusha, na huku kwetu wazee wamekaa barazani na kahawa. Halafu sinema za Kihindi pale Majestic, Empire, Cine Afrique. Watu wanatoka sinema, wiki ile ile nyimbo zimeshatiwa maneno ya Kiswahili.

MWANAIDI: Hayo yalikuwa hewani, kila mtu kayavuta. Kwa Bi Kidude nayasikia kidogo, kwenye namna ya kuivuta sauti mwisho wa mstari. Lakini si msingi wake. Waimbaji wenzake wengi walitaka kuimba kama Cairo. Yeye hakutaka kuimba kama mtu yeyote wa mbali.

HAJI: Haya, swali gumu sasa. Wapo wazee waliochukizwa alipoutoa unyago hadharani, akaupiga jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Wewe unaonaje?

MWANAIDI: Nakuambia kwa moyo wangu, Haji, mie mwenyewe nimelala na swali hili. Unyago ni siri, na siri ina maana yake. Mwari anafunzwa mambo ya mwili wake mahali pa amani, hakuna anayemcheka wala kumtamani. Ukiitoa siri ile ukaifanya tamasha, unaweza kuiharibu. Nawaelewa waliokasirika, na baadhi yao ni mama zangu. Lakini tazama alichokitoa. Katoa msondo, katoa mdundo, katoa baadhi ya nyimbo. Mafunzo yenyewe, ule ufumbuzi wa mafumbo, yalibaki ndani. Mgeni anayemtazama Ngome Kongwe kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara anaona bibi anapiga ngoma kwa nguvu za ajabu. Wari wake walioko kwenye umati ule ule wanasikia kitu kingine kabisa. Na bila yeye, wasichana wangapi wa leo wangejua kwamba msondo upo? Miaka ile watu wengi walikuwa wanauona unyago ni ushamba. Yeye akaubeba mpaka Ulaya, akarudi nao.

HAJI: Na mwaka 2005 WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, wakamtunuku tuzo yao, kule Newcastle. Mwanamke ambaye hakusoma muziki popote.

MWANAIDI: Kasoma, Haji! Tumekaa hapa saa nzima tunasema kasoma.

HAJI: Umenikamata. Kasoma sana. Ngoja nikuongezee hoja upande wako, maana nimeanza kulegea. Umesikia alivyoimba na Offside Trick, "Ahmada"? Wale vijana wa zenji fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, midundo ya kompyuta, na yeye bibi wa zaidi ya miaka tisini. Mwimbaji wa taarab wa kawaida angepotea mle. Yeye kaingia kama kwake.

MWANAIDI: Kwa sababu ni mdundo! Mpe Bi Kidude ngoma, hata itoke kwenye mashine, atajua asimame wapi. Vijana wakishangaa, yeye hashangai. Na uone vijana wanaojifunza pale chuo cha muziki cha Dhow Countries: wanafundishwa udi, kanuni, na ngoma pia. Zamani mtu wa kanuni asingekaa darasa moja na mtu wa ngoma. Kidumbak chenyewe, na sanduku lake na vile vidumbak viwili, kilikuwa kinadharauliwa kama taarab ya wasio na uwezo.

HAJI: Kidumbak tukiweke kiporo, nataka kipindi chake peke yake.

MWANAIDI: Nimekubali.

HAJI: Msikilizaji ambaye hajawahi kumsikiliza Bi Kidude kwa utulivu, aanzie wapi?

MWANAIDI: Aanze na Siti, nakupa hiyo. Atafute "Kijiti" kwenye santuri za zamani, zinakwaruza lakini maneno yanasikika. Kisha amsikilize Bi Kidude kwenye wimbo huo huo, siku hiyo hiyo, asiziachanishe. Halafu atafute rekodi anapopiga msondo na wanawake wanamwitikia. Hapo asisikilize sauti yake kwanza, asikilize wanaoitika. Wanajua nini kinakuja kabla hajasema.

HAJI: Mie naongeza moja: asimsikilize kwenye spika ya simu. Ngoma ile kwenye simu haipo, utasikia makofi tu. Azima redio ya jirani.

MWANAIDI: Au mwende nyote wawili na jirani.

HAJI: Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, Mungu amrehemu. Mwenye kumbukumbu ya unyago wake, hasa kina mama na kina dada mliokuwa wari wake, tuleteeni sauti zenu, yale yanayosemeka. Wiki ijayo ni kidumbak na sanduku. Mimi Haji.

MWANAIDI: Na mimi Mwanaidi. Kwa herini.