Kabla hujagusa turufu, hesabu

Shikamooni wazee, wengine mambo vipi. Sheria za briji, huu mchezo wetu wa karata wa wawili dhidi ya wawili, sirudii, kila aliyekaa hapa anacheza. Nimekuja na lile lile ninalosema kila tukikutana hapa Arusha na nitalisema mpaka liwaingie: usiguse turufu, zile karata za aina inayozishinda nyingine zote, kabla hujajua unaruhusiwa kupoteza ngapi.

Mwaka jana Moshi, tumekaa barazani kwa rafiki, mvua inapiga bati, mimi na mama mmoja tuko upande mmoja tumenadi shupaza nne, yaani tumeahidi kula triki 10 shupaza ikiwa turufu. Mezani, yaani karata za mwenzangu zilizofunuliwa, kuna kingi, 10, 7, 4 za shupaza, mkononi ninayo ree, ile kubwa kuliko zote, 9, 6, 5, 2. Uru moja na pau moja zinakwenda kwa wapinzani hata ufanyeje. Triki ni mzunguko mmoja wa karata nne, ziko 13; tunatakiwa kula 10, yaani tatu naruhusiwa kupoteza, kwa hiyo hata shupaza moja ikiliwa bado nimeshinda, ila mimi hiyo hesabu sikuipiga, nikaibamiza ree, na jamaa wa kushoto akatupa kopa, maana shupaza hana. Tumbo likanikata. Kwini, jeki, 8, 3, zote kulia, anayecheza baada ya kingi yangu! Shupaza mbili zikaliwa, nikaishia triki 9. Yule mama hakusema neno, alikusanya karata akamimina chai, na mpaka leo nikipita Boma Ng'ombe naukumbuka ule mkono.

Sasa tazameni. Unaanza na ile 2 ya mkononi. Wa kushoto akiweka ndogo, weka 10 basi. Ikiliwa, nje zimebaki mbili tu, ree na kingi zinazisomba. Wa kulia akiwa hana, 10 imekula na mbele utapoteza moja tu. Wa kushoto ndiye hana? Panda na kingi, halafu rudi na ndogo kuelekea ree na 9. Zigawanyike zinavyotaka, unapoteza moja.

Najua mtu atasema mzee, zote nne kwa mtu mmoja ni asilimia 9.6 tu. Ndiyo, na ukianza na ree ni nusu yake inayokuumiza, tuseme mara moja kwenye mikono 20. Haya piga hesabu, upande wenu bado haujashinda gemu: kucheza salama unaachia triki ya ziada, pointi 30. Ukianguka umekosa 420 za kutimiza mnada na unalipa faini ya 50, hiyo 470. Hata ukiachia 30 mara 10 nzima katika hiyo mikono 20, ni 300! Mnabishana nini sasa?

Dada pale naona anataka kuuliza mashindano ya pea. Kule ni kingine, unalinganishwa na meza nyingine zenye karata zile zile, kwa hiyo hizo 30 zinaweza kukupitisha wenzako, tutaongea siku nyingine.

Harakaharaka: una ree, kingi, jeki na ndogo mbili mkononi, mezani ndogo tatu, unamtafuta kwini. Piga ree kwanza ndio uanze kumvizia kwa jeki, anaweza kuwa peke yake. Nilitaka na habari ya kuzuia ree, yaani kuchelewa kuitoa makusudi, kwenye mkono wa bila turufu ila muda hakuna, chakula kimeiva. Meza ya kwanza pangeni shupaza zile zile, na wa kulia mpeni zote nne.