Balkani bila gari: anza na chombo kinachoondoka mara moja kwa siku

Habari za jioni, na shikamooni wakubwa zetu. Mada ya leo ni kusafiri Balkani, kule kusini-mashariki mwa Ulaya, kwa mabasi na boti, bila gari la kukodi. Balkani ni pana, kwa hiyo tutafuata njia moja tu: tunaanzia Split nchini Kroatia, tunashuka na pwani hadi Dubrovnik, tunapita Kotor ya Montenegro na Shkodër ya Albania, tunafika Sarandë, kisha tunavuka bahari kuingia kisiwa cha Corfu, Ugiriki. Njia hii ina karibu kila kinachoweza kumkwamisha abiria wa eneo lile. Ukiimudu, nyingine hazitakusumbua.

Wengi huanza kwa kufungua ramani na kupima umbali. Ramani haikuambii kwamba kati ya miji miwili iliyo jirani usafiri unaondoka mara moja kwa siku, au kwamba kuanzia Novemba hauondoki kabisa. Anza na ratiba. Tafuta chombo chenye safari chache kuliko vingine vyote katika njia yako, andika saa yake ya kuondoka, kisha panga usiku wa kulala, mabasi na matembezi yako yote kukizunguka. Kwenye njia yetu viko vitatu: boti ya kisiwa cha Korčula kwenda Dubrovnik, basi la Ulcinj, mji wa Montenegro, kwenda Shkodër, na kivuko cha ziwa Koman huko Albania. Mabasi ya Split kwenda Dubrovnik yanatembea mchana kutwa. Hayo hayahitaji kukunyima usingizi.

Jambo dogo kuhusu saa, kwa sababu linawaponza watu: ratiba za kule ni za saa 24. Inapoandikwa 09:00 maana yake ni saa tatu asubuhi yetu. Nitakazotaja hapa zote ni saa za Kiswahili.

Kabla ya tiketi kuna viza. Kroatia iliingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, na kuanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2023. Montenegro, Bosnia na Albania hazimo Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda aliyepewa viza ya Schengen ya kuingia mara moja anaweza kuzunguka Kroatia yote, lakini akishavuka kwenda Kotor viza hiyo imekwisha kazi, na Corfu hataingia, maana Ugiriki nayo imo Schengen. Omba ya kuingia mara nyingi, na kwenye barua ya maombi eleza wazi kwamba utatoka na kurudi. Viza hiyo hiyo ya mara nyingi kwa kawaida inakubaliwa pia Montenegro, Bosnia, Albania, Serbia na Masedonia Kaskazini kwa kukaa muda mfupi, ila kila nchi ina sharti lake. Albania, kwa mfano, hutaka iwe imeshatumika kuingia Schengen angalau mara moja. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya nchi husika wiki ileile unayonunua tiketi. Na kikomo cha kukaa Schengen, siku 90 ndani ya siku 180, msikihesabu kwa kukisia: tangu 12 Oktoba 2025 Schengen imeanza kusajili wanaoingia na kutoka kwa kompyuta, na kompyuta haisamehi siku moja.

Sasa tuko Split. Mji huu umempendelea asiye na gari: stendi ya mabasi, stesheni ya treni na bandari vimepangana kwenye barabara moja, na mji wa kale uko dakika chache kwa miguu. Pale bandarini kuna vyombo vya aina mbili, na hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Kimoja wanakiita *trajekt*, kivuko kinachobeba magari, ndugu wa pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni, ila kikubwa zaidi. Kingine ni *katamaran*, boti ya kasi ya abiria tu. Kwenye trajekt abiria wa miguu ni nadra kukosa nafasi. Kinachojaa ni sehemu ya magari. Boti ya kasi ina idadi maalumu ya viti, na Julai na Agosti huisha siku kadhaa kabla. Kwa hiyo boti ya kasi inunuliwe mapema, na trajekt unaweza kukata tiketi asubuhi hiyohiyo.

Chukua kisiwa cha Hvar. Boti ya kasi inakushusha katika mji wenyewe wa Hvar. Trajekt inakushusha Stari Grad, upande mwingine wa kisiwa, karibu kilomita 20 kutoka mji wa Hvar, na gati lenyewe liko nje ya mji wa Stari Grad. Mtu amekata tiketi iliyoandikwa Hvar, amelipia chumba Hvar, anashuka usiku na hauoni mji. Dawa ni basi linalosubiri trajekt hapo gatini. Ukishuka nenda moja kwa moja kwenye basi, usisimame kupiga picha, kwa sababu likijaa linaondoka na linalofuata litakuja na trajekt inayofuata.

Kisiwa hichohicho kina mtego mwingine. Ukitazama ramani utaona kwamba ncha yake ya mashariki, Sućuraj, inakaribia kugusa bara, na kuna kivuko cha kwenda Drvenik. Utasema: nitakatisha hapa niende zangu Dubrovnik. Kivuko kipo kweli. Ila kutoka mji wa Hvar hadi Sućuraj ni kama kilomita 80 za barabara nyembamba yenye kona, na basi la kukufikisha huko kwa saa inayofaa karibu halipo. Njia ile ni ya wenye magari. Wewe rudi Split kwa trajekt ya Stari Grad, mwendo wa kama saa mbili, ukapande basi.

Kwa nini nazungumzia kurudi wakati boti ya kasi inapita Hvar, Korčula, hata Dubrovnik? Kwa sababu ya upepo. Pwani ile ina pepo mbili ambazo kila nahodha anazihofu: *bura*, unaoporomoka kutoka milimani upande wa kaskazini-mashariki, mkavu, wa ghafla, na *jugo*, wa kusini-mashariki, unaojenga mawimbi siku baada ya siku. Watu wa mwambao wetu waliolelewa na kusi na kaskazi wataelewa mara moja, ingawa bura haufuati msimu: unaweza kuamka nao. Boti ya kasi ni nyepesi, ndiyo inayofutwa kwanza. Trajekt huendelea kwa muda mrefu zaidi kabla nayo haijasimama. Kwa hiyo kila ukiandika boti ya kasi kwenye mpango wako, andika chini yake njia ya trajekt na basi itakayokutoa siku ikifutwa. Na boti isiwekwe siku moja na ndege ya kurudi nyumbani.

Korčula ina njia hiyo mbadala tena nzuri. Boti ya kwenda Dubrovnik ni ya msimu, takriban masika hadi Oktoba. Ulizia jioni iliyotangulia itafunga gati lipi, kwa kuwa mji wa kale umekaa kwenye rasi yenye bandari pande mbili, mashariki na magharibi, na upepo ukigeuka boti nayo hugeuka. Ikifutwa, kuna basi la Dubrovnik linalopanda kivuko pale Dominče, kilomita chache nje ya mji. Linavuka hadi Orebić kwa kama robo saa, kisha linakata rasi ya Pelješac kupitia Ston. Abiria unabaki na tiketi ileile. Jumla ni kama saa tatu. Binafsi naona hata bila upepo mbaya basi hili ni zuri kuliko boti, maana ndani ya boti umefungiwa nyuma ya kioo kilichojaa chumvi.

Mliochagua basi la moja kwa moja kutoka Split hadi Dubrovnik, hesabuni saa nne hadi nne na nusu. Hapo katikati Bosnia ina ukanda mwembamba wa pwani, Neum, unaoikata Kroatia vipande viwili. Tangu daraja la Pelješac lifunguliwe Julai 2022 basi linaweza kuikwepa Neum, lakini si yote yanafanya hivyo. Mwenye viza ya kuingia mara moja amuulize dereva kabla ya kupanda: *Preko mosta?* Yaani, tunapita darajani? Akisema Neum, subiri linalofuata.

Desturi za mabasi yale ni hizi. Namba ya jukwaa iko kwenye tiketi baada ya neno *peron*. Begi la kwenye buti hulipiwa kando, kwa kawaida euro moja au mbili, na kondakta anataka sarafu. Noti ya 50 itawagombanisha. Namba ya kiti mara nyingi haifuatwi, wahi mapema. Choo cha ndani ya basi, hata kikiwepo, hufungwa. Basi husimama njiani, na dereva hutaja dakika kwa lugha yake halafu anaondoka bila kuhesabu watu. Uliza *koliko minuta* na umwonyeshe saa. Tiketi ya kwenda na kurudi, *povratna*, ni nafuu, lakini inakufunga kwa kampuni ileile hata basi lake linalorudi likiwa la saa mbaya. Na kwenye ratiba tafuta neno *svakodnevno*, kila siku. Likikosekana, soma maandishi madogo, maana Jumapili na sikukuu safari hupungua sana.

Dubrovnik: stendi na bandari ya Gruž viko pamoja, ila mji wa kale uko karibu kilomita tatu mbele. Ukiwa na basi la alfajiri, lala Gruž. Na la alfajiri ndilo ninalolipendekeza kwa Kotor. Umbali haufiki kilomita 100, ratiba inasema kama saa mbili, lakini mpaka wa Debeli Brijeg ndio unaoamua. Abiria wote wanakaguliwa mara mbili, upande wa Kroatia na upande wa Montenegro, na siku za Agosti foleni hula saa kadhaa. Usipange basi, boti wala ndege ya kuunganisha siku hiyo. Kaa upande wa kulia ulione ghuba. Mabasi mengine huzunguka ghuba yote, mengine huvuka sehemu yake nyembamba kwa kivuko cha Kamenari na Lepetane, dakika chache tu.

Montenegro inatumia euro, basi hakuna kubadilisha fedha. Kutoka Kotor unashuka kupitia Budva na Bar hadi Ulcinj, na hapo kuna kile chombo cha pili: basi la Shkodër lenye safari chache sana kwa siku. Saa zake ziulizwe dirishani pale Ulcinj siku moja kabla, si mtandaoni. Ukilikosa, panda hadi Podgorica, ambako mabasi ya Tirana hupitia Shkodër.

Albania mambo hubadilika. Kuna *furgon*, ambazo mkazi wa Dar au Nairobi hahitaji kufundishwa: kibasi kinasubiri kijae, jina la mji liko kwenye kioo cha mbele, unalipa taslimu kwa lek, fedha ya Albania. Tofauti ni kwamba nyingi hutoka asubuhi. Alasiri huko vijijini hupati kitu.

Koman ndiyo inayotaka umakini. Lala Shkodër. Mwambie mwenye nyumba jioni hiyo akuandikishe furgon, kivuko, na gari la upande wa pili kwa pamoja, vinauzwa hivyo. Furgon inakupitia kama saa 12:30 asubuhi. Mwendo ni saa mbili hivi, na kipande cha mwisho ni cha kona na mashimo. Kisha unaingia handaki lenye giza ndani ya mwamba, na mlango wake wa pili ndio gati lenyewe: kijukwaa kidogo cha zege ambapo furgon, malori, baiskeli na watu wanagombea kugeuka. Kivuko kinaondoka saa 3:00 asubuhi. Kikiondoka, siku imekwisha. Ukibaki kwenye siti yako ndani ya furgon mle handakini ukisubiri foleni isogee, unaweza kukiona kinang'oa nanga. Saa ikifika 2:40 shuka na begi, tembea. Juu ya maji ni kama saa mbili na nusu kati ya kuta za mawe hadi Fierzë, halafu gari hadi Valbona. Kesho yake kuna njia ya miguu kwenda Theth, saa sita hadi nane, kupita upenyo kati ya milima wa karibu mita 1,800. Begi kubwa libaki Shkodër, kwa sababu furgon ya Theth itakurudisha hukohuko. Mwezi Mei bado kunaweza kuwa na theluji juu.

Kutoka Shkodër ni rahisi: Tirana, kisha Sarandë, kama saa tano. Lek zako zimalize hapo, nje ya Albania hakuna anayezitaka. Boti ya kasi hadi Corfu ni dakika 30, kivuko cha kawaida ni dakika 70. Lakini Ugiriki iko saa moja mbele ya Albania. Ukiondoka Sarandë saa 4:30 unafika saa 6:00 ya Corfu. Ukirudi, unaondoka saa 3:00 na kufika saa 2:30. Ratiba hutoa saa za bandari ya kuondokea. Wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa na ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mwenye saa ya mkono aliyoiacha ya nyumbani yuko sahihi.

Kuna swali huku nyuma. Dada anauliza kama anaweza kuongeza Kosovo na Belgrade. Ndiyo, ila angalia mpangilio. Ukiingia Kosovo kutoka Albania ukataka kutokea Serbia, Serbia, inayoihesabu Kosovo kuwa sehemu yake, itakuhesabu kuwa umeingia nchini bila kukaguliwa, na utarudishwa. Anza Serbia, au toka Kosovo kwa Masedonia Kaskazini ndipo uingie Serbia kutoka huko. Na stendi ya Belgrade ilihamia Novi Beograd mwaka 2024. Kitabu cha zamani kitakupeleka ng'ambo ya mto Sava, ambako basi lako halipo.