Kuzima Kontena Bila Kuikata Programu Katikati ya Kazi

Karibuni watazamaji. Leo, nikiwa hapa Lamu, nitawaonyesha namna ya kuizima programu iliyomo ndani ya kontena la Docker, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, bila kupoteza data. Mfano wetu ni programu ndogo ya Python, nafasi.py, inayoandika majina na nauli za abiria wanaovuka kwa boti baina ya Mokowe na Lamu.

Kwanza tulione tatizo lenyewe. Andikeni docker stop pamoja na jina la kontena, kisha mtazame saa: zinapita sekunde 10 ndipo kontena lizimike. Mimi kwa muda mrefu niliulaumu mtandao wa kisiwani kwa kukawia huku, na mtandao haukuwa na hatia. Sasa andikeni docker ps -a. Nambari 137 mnayoiona, inayoeleza jinsi programu ilivyoisha, ni 128 ikijumlishwa na 9, na 9 ni SIGKILL, yaani ishara ya kuua kwa nguvu. Docker ilianza kwa kutuma SIGTERM, yaani ombi la kuzima kwa utaratibu, na ilipokosa jibu ikaua kwa nguvu. Tukifungua faili la data, abiria wa mwisho ana jina, lakini nauli yake haimo.

Chanzo ni mchakato nambari 1, yaani programu ya kwanza kuanzishwa ndani ya kontena. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huukinga mchakato huo, hata SIGTERM isiudhuru iwapo wenyewe haujaandaa utaratibu wa kuipokea. Katika kontena letu, nambari 1 ni sheli, yaani programu ya kutekeleza amri, inayoendesha skripti ya anza.sh, nayo haiipokei ishara hiyo wala haiipitishi kwa Python.

Fungueni anza.sh, na katika mstari wa mwisho mtangulize neno exec mbele ya python3 nafasi.py, ili Python ichukue nafasi ya sheli na iwe nambari 1. Jengeni kontena upya, mlizime tena. Sekunde 10 bado zipo! Wengi hukwama hapa, kwa kuwa Python nayo haijaandaliwa kuipokea SIGTERM, na sasa ndiyo inayokingwa.

Kwa hiyo, ndani ya nafasi.py, tumieni signal.signal kuisajili kazi (function), yaani kipande cha msimbo kitakachoitwa SIGTERM ikifika, itakayomaliza kuandika rekodi iliyo mkononi, ifunge faili, kisha iite sys.exit(0) ili programu iishe. Jaribuni tena: kontena linazima mara moja, nambari ni 0, na nauli imo.

Mtasikia wengine wakipendekeza docker run --init, ambayo huweka mchakato mdogo uitwao tini kuwa nambari 1. Ni msaada mzuri, hasa kwa kuondoa michakato iliyokufa isiyo na wa kuizika, lakini bila ile kazi tuliyoisajili programu itakufa upesi kwa nambari 143, yaani kwa kuuawa na SIGTERM, na nauli itapotea vilevile.

Ikiwa uandishi wenu unahitaji zaidi ya sekunde 10, ongezeni muda kwa docker stop -t 30.