Sheria ya Kimataifa kwa Wasiosomea Uwakili

Walimu wenzangu, wazee wetu wa Amu, na wanafunzi mliohudhuria, asalaam alaykum.

Nimeombwa nieleze ninavyowafundisha sheria ya kimataifa wanafunzi wa uvuvi, utalii na ualimu, ambao hawana nia ya kuwa mawakili. Mwaka wangu wa kwanza nilianza pale vitabu vinapoanza, kwenye vyanzo vya sheria: mikataba, desturi za mataifa na kanuni za jumla. Kalamu ziliandika, lakini hakuna aliyeuliza swali, na darasa lisilouliza mimi huliogopa kuliko linalobisha.

Siku hizi naanza na ramani ya bahari iliyo mbele ya Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Kabla ya kutaja kifungu chochote, namwambia kila mwanafunzi achukue rula achore mpaka wa Kenya na Somalia anaouona wa haki. Wengi huunyoosha mstari mashariki, sambamba na latitudo, kama Kenya ilivyodai katika kesi iliyofunguliwa na Somalia mwaka 2014. Hapo ndipo ninapoeleza kwamba Kenya ilisema Somalia iliukubali mstari huo kwa kunyamaza. Kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021, iliikataa hoja hiyo. Na kwamba ilianza na mstari ulio umbali sawa kutoka pwani zote mbili, kisha ikausogeza kidogo kaskazini, kwa kuwa pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania imebonyea ndani na Kenya imebanwa katikati. Aliyekwisha kuchora kwa mkono wake hutaka kujua sababu, na katika kuitafuta hukutana na Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, maili 12 za bahari ya taifa na maili 200 za ukanda wa kiuchumi, ambamo nchi ya pwani ina haki ya samaki na mali nyingine za bahari, bila kukaririshwa.

Kisha huja swali ninalolingojea: Kenya ilisusia vikao na kuikataa hukumu, ni sheria gani hii isiyo na askari? Silikwepi. Nawakumbusha kwamba mwaka huohuo wa 2021 Kenya iliiondoa rasmi idhini ya kusikiliza kesi dhidi yake iliyoipa mahakama hiyo tangu 1965, na nchi isiyojali sheria haina haja ya kuandika barua ya kujitoa. Nawasomea pia kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010, kinachoufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya.

Mtihani wangu hauulizi istilahi. Natunga kisa cha mashua ya mvuvi wa Pate iliyokamatwa karibu na mpaka, na mwanafunzi aeleze ilikuwa katika maji ya nani, nani alikuwa na haki ya kuikamata, na mwenyewe aanzie wapi kuidai.