Kigimbi kinapokaza njiani

Ndugu zangu, yuko mzee mmoja karibu kila mtaa. Anatoka nyumbani kwenda sokoni; hatua mia mbili tu, kigimbi kinakaza kama kamba. Anasimama penye meza ya nyanya, anauliza bei ya nyanya asizozihitaji, na baada ya dakika mbili tatu maumivu yanakatika. Anaendelea, kinakaza tena. Wajerumani huuita ugonjwa huu ugonjwa wa madirisha ya maduka, kwa sababu hiyo hiyo: mgonjwa husimama akijifanya anatazama bidhaa. Kwetu tunasema ni uzee. Si uzee! Ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu, zimeziba, na msuli unaotembea unadai damu isiyofika.

Mafuta yaliyoziba hayakuganda tu kama uchafu kwenye bomba. Ukuta wa ateri wenyewe una inflamesheni, yaani mwako wa mwili unaojihami: chembe nyeupe za damu zimeingia humo kupambana na mafuta, na vita haviishi. Sigara na kisukari huvichochea mno.

Hofu ninayotaka kuiondoa leo ni hii. Mgonjwa akitembea hadi aumwe, msuli unakosa oksijeni, halafu akipumzika damu inarudi, na kwa muda vipimo vya damu huonyesha inflamesheni imepanda. Kwa hiyo mazoezi yanamdhuru? Hapana. Tafiti kadhaa zimeona kuwa kwa anayezoea mazoezi, kupanda huko hupungua. Kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda penye inflamesheni, nikiri, kimetoa majibu yanayopishana. Lakini kwamba mazoezi humwezesha mgonjwa kutembea mbali zaidi, hakuna ubishi: Larsen na Lassen wa Copenhagen walilionyesha hilo mwaka 1966 kwa wagonjwa 14 tu. Kizibo kinabaki palepale. Ni msuli unaojifunza kuitumia vizuri damu kidogo inayoufikia.

Basi tembea mara tatu kwa wiki, dakika 30, ukiongeza taratibu hadi 60, kwa wiki 12 angalau. Maumivu yakizidi, simama au kaa mpaka yaishe, kisha uanze tena. Kule kutembea hadi kuumwa ndiko dawa yenyewe, na ndiko watu wanakokukimbia. Akiwepo mtaalamu wa kukusimamia, matokeo huwa bora.

Ila mwenye mguu unaouma hata amelala usiku, au kidonda cha kidole kisichopona, asianze na matembezi. Aende hospitali leo, mguu ungali wa kuokolewa.