Oili moto, rota moto: mhadhara kuhusu vipoza oili vya RX-7 FD

Habari za jioni, ndugu zangu. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo.

Leo gari ni moja tu, Mazda RX-7 ya umbo la FD, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1991 hadi 2002. Na ndani ya gari hilo jambo ni moja: oili inapataje joto, na joto hilo linatokaje. Wenye RX-8, gari jingine la Mazda lenye injini ya rota, msiondoke, mengi yatawahusu.

Tuanze na sababu, maana asiyejua sababu hununua kipoza kikubwa kisha anashangaa geji haijasogea. Injini ya FD, 13B-REW, haina pistoni: ina rota mbili, vipande vya pembetatu vinavyozunguka, na chumba cha kila moja ni cc 654. Maji ya rejeta hupita kwenye kuta zinazozunguka rota, lakini ndani ya rota yenyewe hayafiki. Rota inapozwa na oili. Shafti kuu ina jeti ndogo zinazoirusha oili ndani ya mifuko ya rota. Oili inasukwasukwa humo, inabeba joto, kisha inamwagika kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mafundi wa injini hizi hukadiria kwamba karibu theluthi ya joto lote linaloondolewa kwa kupoza linatoka kupitia oili. Kwenye injini ya pistoni kipoza oili mara nyingi ni nyongeza tu. Hapa ni rejeta ya pili, na ikizidiwa, rejeta ya kwanza haiwezi kuisaidia.

Oili ikizidi joto, kinachoumia kwanza hukisikii. Pembeni mwa kila rota kuna ringi za kuzuia oili, na chini ya ringi hizo kuna mipira ya mviringo. Ikipikwa mara kwa mara kwenye nyuzi 120, mipira inakuwa migumu kama kucha na haizibi oili tena. Dalili ni moshi wa bluu unapowasha gari, au unapoachia mafuta baada ya kukimbia sana. Kuibadilisha ni lazima injini ifunguliwe yote, kwa kipande cha mpira cha bei ya soda. Beringi nazo hupata shida, kwa kuwa oili nyembamba haishiki presha.

Kwa hiyo andikeni: kati ya nyuzi 80 na 100 endesha unavyotaka. Ikifika 110, punguza, fanya raundi moja ya kupoza kwa gia ya juu. Ikifika 120, toka kwenye uwanja wa mbio. Usiizime injini ghafla huku imechemka. Iache ingurume taratibu dakika moja au mbili, turbo nazo zinahitaji hivyo.

Sasa njia ya oili, na hapa naomba utulivu kidogo. Pampu iko mbele ya injini, inavutwa kwa mnyororo. Ikitoka pampu, oili inaenda kwenye vipoza, inarudi nyuma ya injini, inapita filta, ndipo inaingia kwenye beringi na shafti. Valvu za presha ni mbili. Ya nyuma ndiyo inayopanga presha mnayoiona kwenye geji. Ya mbele iko kabla ya vipoza, na kazi yake ni kuachia oili irudi kwenye sampu presha ikipita kiasi, karibu bar 10. Ukifunga hozi nyembamba na vipoza vyenye kubana, presha inapanda kabla ya kipoza, valvu ya mbele inafunguka, na oili ambayo ilipaswa kufika kwenye beringi inarudi ilikotoka. Wewe unaona presha imeshuka, unalaumu pampu. Pampu haina kosa.

Kuna kidude kingine mbele ya shafti: kipande chenye nta kinachorefuka kikipata joto. Injini ikiwa baridi, kinaachia oili ipenye ili jeti za rota zisifunguke, injini ipate joto haraka. Kikichoka na kukataa kurefuka, jeti hazipati presha ya kutosha na rota zinachemka, hata kama vipoza vyako ni vipana kama milango. Kibadilishe, au weka kile cha chuma kisichosogea ambacho wengi wa uwanjani hutumia, kabla hujatoa hata senti kwa kipoza.

Gari lako lina vipoza vingapi? FD zilizouzwa Marekani zilikuja na kimoja, isipokuwa matoleo ya R1 na R2 yaliyokuwa na viwili, vimekaa kwenye pembe za mbele nyuma ya bampa. RX-8 za gia za mkono zina viwili. Otomatiki za mwanzo zina kimoja. Mwenye kimoja na anayekwenda uwanjani, aongeze cha pili. Hilo halina mjadala. Mwenye viwili vya kiwandani, asubiri kwanza.

Asubiri nini? Apime. Sensa moja ya joto pale oili inapotoka injini kwenda kwenye vipoza, nyingine pale inaporudi. Sensa ya sampu peke yake haitoshi: inakuambia una homa, haikuambii inatoka wapi. Tofauti ya sensa hizi mbili ndiyo hati yenu ya daktari.

Tufanye hesabu. Tuseme lita 40 za oili zinapita kwa dakika. Hizo ni kama kilo 0.57 kwa sekunde, na kila nyuzi moja inayopungua ni kama kilowati 1.2 iliyotupwa nje. Oili ikiingia kwenye vipoza na nyuzi 115 na kutoka na 95, umetupa kilowati 24. Ikitoka na 110, umetupa 6 tu.

Tofauti ikiwa ndogo na oili inazidi kupanda, ama hewa haipiti kwenye mapezi, ama oili haipiti kwenye kipoza. Vipoza vya kiwandani vina valvu ndani inayoruka kipoza oili ikiwa baridi, na valvu hiyo ikikwama, oili inapita pembeni daima. Chukua kipimajoto cha miale, piga uso wa kipoza mara baada ya kuingia pit: kikiwa cha uvuguvugu huku oili iko 115, umeshampata mwizi. Tofauti ikiwa kubwa, nyuzi 30 na zaidi, na bado oili inachemka, basi oili inapita polepole mno, na unatafuta kinachobana. Tofauti ya 15 hadi 25 na bado joto linapanda: hapo ndipo kipoza ni kidogo kweli, na hapo ndipo unanunua.

Mara nyingi tatizo ni hewa. Hewa ni mvivu, inapita penye urahisi. Ukiacha pengo la vidole viwili pembeni mwa kipoza, itapita kwenye hilo pengo na kukuachia mapezi matupu. Tengeneza njia iliyofungwa kutoka kwenye tundu la bampa hadi kwenye uso wa kipoza: bati la alumini la milimita 1, riveti, na sponji ngumu kwenye kila ukingo. Tundu la kuingilia lisiwe kubwa kama kipoza. Robo hadi theluthi ya uso wake inatosha, kisha njia ipanuke taratibu. Ikipanuka ghafla, hewa inajitenga na kuta na kupiga katikati tu.

Na mlango wa kutokea? Wengi wanausahau. Nyuma ya vipoza vya FD kuna plastiki ya ndani ya madgadi. Hewa isipopata pa kutokea inajaa humo, na hewa mpya haiingii. Kata matundu kwenye plastiki hiyo, elekeza mapezi yake nyuma kuelekea tairi, na jumla ya uwazi iwe kubwa kuliko tundu la kuingilia, kwa sababu hewa ya moto imevimba. Usiondoe plastiki yote: tairi litarusha mchanga na mawe moja kwa moja kwenye kipoza. Mbele weka wavu wa matundu ya milimita 6 hivi. Wavu wa mbu unaonekana vizuri, unaziba hewa.

Kwa kipoza chenyewe, aina ya sahani zilizopangwa, kama za kampuni ya Setrab, ndiyo inayotumika sana. Safu 19 au 25 kila upande. Safu 25 ni urefu wa sentimita 19 hivi, kwa hiyo pima nafasi kwa kipande cha boksi kabla ya kuagiza, bampa ikiwa imefungwa. Ikiwa ulishaweka intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa ya mbele, angalia kama bomba zake hazijakula pembe yenyewe.

Vipoza viwili viunganishwe kwa mfululizo, kimoja baada ya kingine, au sambamba, oili ikigawanyika? Sambamba inabana kidogo, lakini oili nayo ni mvivu kama hewa: kipoza chenye hozi fupi kinapata nyingi, cha mbali kinabaki kinapigwa upepo bure. Mfululizo unabana zaidi lakini oili yote inapita kote. Mimi nachagua mfululizo, na hozi za namba 10, ambazo tundu lake ni karibu milimita 14. Ukipenda namba 12 hutajuta, ila kuzipitisha ni kazi. Ondoa bolti za banjo, zile zenye tundu la kupitisha oili, popote zilipo na uweke fitingi zilizonyooka. Tundu la ndani ya banjo ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Meno ya upande wa injini kwa kawaida ni M18 x 1.5, na Setrab ni M22 x 1.5, lakini pima kwa geji ya meno. Hozi ya mita 4 ya namba 10 inabeba zaidi ya nusu lita, bado vipoza. Usijaze kwa kipimo cha kitabu.

Vipoza hivi vya kununua havina valvu ndani, kwa hiyo funga themostati ya nje inayofunguka kati ya nyuzi 80 na 93. Chagua inayoachia oili kidogo kwenda kwenye kipoza hata ikiwa imefunga, ili isije ikafunguka na kumwaga oili ya barafu ndani ya injini. Japani, wanaotafuta rekodi pale Tsukuba, uwanja wa kilomita 2 hivi, hukimbia zaidi majira ya baridi kwa sababu hewa nzito inaongeza nguvu, na wengine huziba sehemu ya kipoza kwa tepu ya alumini. Kwa wenzetu walio Ghuba, wanaokwenda Yas Marina au Dubai Autodrome, hali ni kinyume. Kipoza kinafanya kazi kwa tofauti kati ya oili na hewa. Oili 105 na hewa 15, tofauti ni 90. Hewa ikiwa 40, tofauti ni 65. Kipoza kilekile kimepoteza zaidi ya robo ya nguvu yake.

Kufunga. Hozi ukiikata, zungushia tepu kwanza, kata, kisha ioshe ndani na ipulize kwa kompresa. Chembe moja ya mpira inatosha kuharibu kazi yote. Tepu nyeupe ya mafundi bomba isionekane hapa kabisa, kipande kikikatika kinaziba. Fitingi hizi zinaziba kwa koni ya nyuzi 37, zinahitaji tone la oili kwenye meno tu. Kaza kwa spana mbili, moja ikishika adapta, la sivyo unapasua shingo ya kipoza. Ukimaliza, chora mstari wa kalamu kati ya nati na adapta. Kesho utaona kwa jicho kama imelegea. Kipoza kikae kwenye raba, kisishikwe chuma kwa chuma, kwani mtikisiko hupasua maungio. Midomo itazame juu ili hewa itoke.

Kama injini ya awali ilivunjika, kipoza cha zamani usikirudishe. Vipande hukaa kati ya sahani na hakuna kuosha kutakakovitoa vyote.

Kabla ya kuwasha, jaza vipoza oili, chomoa plagi ya sensa ya krenki ili injini isiwake, zungusha starta sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka geji ya presha inyanyuke. Kisha washa, kagua kila kiungo kwa tochi, zima, ongeza oili. Mpaka ifike nyuzi 65 usipite mizunguko 3000: ile valvu ya mbele niliyoisema, oili nzito ndiyo inayoifungua.

Swali? Ndiyo, ndugu yangu pale.

Anauliza: presha yake inaanguka kwenye kona ndefu tu, aongeze kipoza? Hapana. Hiyo ni sampu. Oili inakimbilia ukutani na pampu inavuta hewa. Weka vizuizi ndani ya sampu, na ujaze hadi alama ya juu kabla ya kila kipindi. Kumbuka injini hii inachoma oili kwa makusudi ili kulainisha ncha za rota, kwa hiyo kiwango cha asubuhi si cha mchana. Ukitengeneza hilo, ndipo urudi kutazama joto.