Kisengerenyuma: Tunakwenda Sisi, au Yaliyopita Yanaletwa?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nikija hapa nimepitia Kariakoo, nikasimama kuwapisha watu wawili wanaoteremsha kabati ghorofani. Aliyetangulia alishuka kinyumenyume, kila kipandio akikipapasa kwa kisigino, macho yake kwa mwenzake. Huko ndiko kwenda kisengerenyuma: kurudi nyuma bila kugeuka. Wahakiki wetu wamelitwaa neno hilo la mwili wakalipa kazi ya fasihi, pale msimulizi anapokatiza tukio la sasa akaturudisha kwenye la zamani.

Wengi wenu shuleni mmeijua mbinu hii kwa jina la mbinu rejeshi, na mmeambiwa majina haya ni visawe. Mimi sikubali. Rejeshi linatokana na rejesha, nalo na rejea, lenye asili ya Kiarabu. Kinachorejeshwa huletwa: sisi tumekaa, yaliyopita yanabisha hodi kwetu. Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, mwaka 1972, aliiita mbinu hii analepsis, kwa Kigiriki kuchukua tena, na hilo naliweka upande wa rejeshi. Katika kisengerenyuma tunaokwenda ni sisi, na uso umebaki kuitazama sasa. Ndiyo maana nalipenda neno hili kuliko yote.

Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko majina yake. Katika Odyssey, utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, wenye vitabu 24, Odysseus husimulia masaibu yake ya nyuma kuanzia kitabu cha 9 hadi cha 12, akiwa mgeni ugenini.

Lakini tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo penye utamu. Sisi tuna kiambishi -ka- cha kusimulia, na -ka- haijui kurudi nyuma. Inasukuma mbele tu, tendo juu ya tendo. Anayetaka kurudi lazima aivunje. Sikilizeni mfano niliouandika kwa ajili yenu:

“Akafika Feri, akanunua changu wawili, akarudi nyumbani, akaanza kuwapara magamba. Mumewe ndiye aliyekuwa akiwapara, mpaka bahari ilipomchukua. Akamgeuza yule changu upande wa pili.”

Mmeona? “Aliyekuwa” moja tu, tumesharudi miaka. Kisha -ka- imetushika mkono ikatuleta. Na muda wote huo, kisu hakikutoka mkononi mwa yule mama.